«Tumbo inaniuma»: ni tumbo gani?

Ukija asubuhi moja kuketi kwenye benchi ya kungojea hapa hopitali, utasikia neno moja kuliko mengine yote. Mama mwenye mtoto mgongoni anasema: «Muganga, tumbo inamuuma.» Mvuvi anasema: «Tumbo inanikata.» Mzee anasema: «Tumbo imefunga.» Kijana wa shule anasema: «Tumbo inachemka, inaimba.» Bibi mmoja anajishika chini ya kifua na kusema: «Ni moyo inanichoma», kumbe moyo wake ni mzima, naye pia ni mgonjwa wa tumbo. Na mama mwingine anainamisha macho na kusema kwa sauti ndogo: «Niko na tumbo», maana yake ana mimba.

Watu sita, neno moja. Lakini magonjwa yao si moja, na dawa zao si moja.

Kiswahili chetu kinapenda neno hili. Ndugu wa baba na mama mmoja tunawaita watu wa tumbo moja. Mlafi tunasema anafuata tumbo lake. Hakuna ubaya. Lakini mbele ya muganga, kusema «tumbo» peke yake ni sawa na kumwambia mtu: «Mgeni wako anatoka Fizi.» Fizi ni kubwa! Ni wa Mutambala, wa Tanganika, wa Ngandja ama wa Lulenge? Alikuja kwa mtumbwi ama kwa miguu? Usipouliza zaidi, utamngojea mgeni kwenye bandari ya Baraka, naye anashuka kwa njia ya mlima.

Tena kuna neno moja la tumbo linaloweza kuua. Ni hili: «Tumbo imefunga.»

Wagonjwa wa namna hii tumepokea zaidi ya mmoja, na habari yao inafanana. Mwanaume mwenye nguvu, mwenye kazi ya kuvuta mitumbwi au kubeba mizigo. Siku ya kwanza tumbo linamsokota na anatapika. Haendi choo, wala hewa haitoki. Nyumbani wanasema: «Tumbo imefunga, inafaa tuifungue.» Wanampa dawa ya kuharisha. Haisaidii. Siku ya pili wanachemsha majani, wanamwekea maji yale kwa njia ya nyuma kwa mpira. Haisaidii, tumbo linavimba kama ngoma. Siku ya tatu wanatafuta boti, upepo ni mbaya, wanangoja. Siku ya nne wanafika hopitali. Muganga anauliza: «Kuna uvimbe fasi ingine?» Mgonjwa ananyamaza. Wanapomfunua, wanaona uvimbe mgumu kwenye kinena, chini ya tumbo, pale paja linapoanzia. Ni ngiri. Alikuwa nayo tangu miaka miwili, na hata mke wake alijua, lakini haya ilifunga kinywa chao.

Sasa elewa vizuri. Ngiri, ambayo wengine wanaiita mshipa, si mshipa hata kidogo. Ni kipande cha utumbo kinachopenya mahali ambapo nyama ya tumbo imelegea. Mtu akilala, mara nyingi kinarudi ndani. Siku kikikatalia nje na kubanwa, chakula hakipiti, tena damu haipiti. Utumbo usiopata damu unakuwa mweusi na kufa, nao hauhitaji siku nne, masaa machache yanatosha. Mtu huyo hakuwa na choo kigumu. Alikuwa na njia iliyozibwa. Kumpa dawa ya kuharisha ni sawa na kusukuma maji kwa nguvu ndani ya mpira uliofungwa mbele: utapasuka.

Basi, kusudi tusichanganye mambo haya, inafaa tujifunze majina. Si kazi ngumu. Kila mtu aliyechinja mbuzi amekwisha kuona karibu yote.

NJIA YA CHAKULA

Tumbo ni nyumba yote, tangu chini ya mbavu mpaka kinena. Ndani ya nyumba hii mna vyumba vingi. Utumbo ni ule mrija mrefu peke yake. Mchinjaji anaposema matumbo ya mbuzi, anasema mirija ile. Kwa hiyo tumbo na utumbo ni mambo mawili, ingawa majina yao ni ndugu.

Tuanze na tonge la bugali na sombe. Kinywani meno yanalisaga na mate yanalilainisha. Mtoto anayemeza bila kutafuna anaachia mfuko wa tumbo kazi ya meno, na mfuko hauna meno. Kisha tonge linapita kooni na kuingia katika umio, mrija wa nyama wa urefu wa sentimita 25 hivi kwa mtu mzima, unaopita nyuma ya kifua karibu na moyo. (Usichanganye umio na kimio, kale kanyama kanakoning'inia nyuma ya kinywa. Wengine wanakakata wakidhani kanaleta kikohozi. Kanyama hako hakana hatia, na wembe unaokakata unaweza kuleta pepopunda.)

Umio unaishia katika mfuko wa tumbo, upande wa juu kushoto, chini ya mbavu. Mbuzi ana mifuko minne. Sisi tuna mmoja tu. Unatoa maji makali sana ya kulainisha chakula na kuua vijidudu vingi. Maji hayo yakipanda juu katika umio, yanachoma nyuma ya kifua, na kinywani unasikia uchachu. Kiungulia ndicho hicho. Hapo ndipo bibi yetu wa kwenye benchi alisema «moyo inanichoma». Na mahali pale katikati, chini kidogo ya mfupa wa kifua, wazee wa Kiswahili wanapaita chembe cha moyo. Jina linadanganya: chini ya kidole chako hapo kuna mfuko wa tumbo. Lakini usicheke upesi. Mtu mzima mwenye umri, akipata maumivu mazito hapo ghafula, pamoja na jasho baridi, pumzi fupi na maumivu ya mkono au taya, huenda kweli ni moyo. Mlete mbio.

Kutoka mfukoni chakula kinaingia katika utumbo mwembamba. Ni mwembamba lakini ni mrefu, karibu mita 6, umejikunja katikati ya tumbo kuzunguka kitovu. Humu ndimo chakula kinaingia katika damu. Mlo wote ambao hautafika hapa hautakusaidia kitu. Humu pia ndimo minyoo inakaa, inakula mbele yako.

Pembeni kuna majirani wawili. Ini liko upande wa kuume, chini ya mbavu, kama kilo moja na nusu kwa mtu mzima. Linatengeneza nyongo, maji ya kijani na manjano yanayosaidia kula mafuta, na linaiweka akiba katika kifuko kidogo. Kongosho liko nyuma kabisa ya mfuko wa tumbo, karibu na mgongo. Wachache kwetu wanalijua jina hili, lakini ndilo linalotoa maji ya kuyeyusha chakula, tena ndilo linalochunga sukari ya damu. Mtu anayekunywa kanyanga kila siku, kisha akashikwa na maumivu makali juu ya tumbo yanayopenya mpaka mgongoni, na kutapika bila kupumzika, kongosho lake linaweza kuwa linaungua.

Upande wa kushoto, chini ya mbavu, kuna bandama. Si kiungo cha chakula, ni cha damu, lakini kwetu inahesabiwa kuwa tumbo kwa sababu malaria inaivimbisha. Mama anasema: «Mutoto iko na tumbo kubwa.» Tumbo kubwa la bandama, tumbo kubwa la minyoo na tumbo kubwa la mtoto mwenye njaa ya protini havifanani mbele ya mkono wa muganga. Mwache apapase.

Mwisho ni utumbo mpana, mfupi, kama mita moja na nusu. Unapanda upande wa kuume, unapita juu, unashuka kushoto. Kazi yake ni kunyonya maji yaliyobaki mpaka choo kinakuwa kigumu kidogo. Pale unapoanzia, chini kuume, kunaning'inia kijimkia kama kidole kidogo, nacho kinaitwa kidole tumbo. Na mwisho wa yote ni njia ya haja kubwa. Ina jina lake la Kiswahili ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelisema. Sema «njia ya nyuma», tutaelewa. Lakini usiache kusema kwamba kuna jambo huko.

MAJINA MATATU KWA KITU KIMOJA

Kwetu Ubwari, Baraka na Fizi maneno ya ugonjwa yanatoka pande tatu, na pengine yanagombana. Kuna maneno ya nyumbani. Kuna maneno ya Kifaransa ambayo muganga anaandika kwenye fishi: gastriti, apandisiti, tifoide, kolera. Na kuna maneno ya Tanzania, yaliyorudi pamoja na ndugu zetu waliokimbia vita na kukaa kambini Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996. Huko watoto walisoma shuleni «utumbo mpana» na «kongosho», na hospitalini waliambiwa «vidonda vya tumbo» na «kipindupindu». Basi nyumba moja baba anasema kolera, mama anasema ya kuhara na kutapika, mtoto anasema kipindupindu. Ni ugonjwa mmoja. Tumekwisha kuona mtu anadai dawa mbili, moja ya apandisiti na moja ya kidole tumbo!

Apandisiti ni kidole tumbo kilichovimba. Mara nyingi maumivu yanaanza kuzunguka kitovu, mtu anakosa hamu ya kula, anatapika kidogo. Kisha baada ya masaa maumivu yanahamia chini kuume na kukaa hapo. Akikohoa au kuruka, yanachoma. Neno la kumwambia muganga ni hili: «Ilianza hapa, ikahamia pale.» Neno hilo moja lina faida kuliko mistari kumi. Dawa ya kuharisha hapa pia ni hatari, kwa maana kidole kinaweza kupasuka na usaha ukamwagika tumboni.

Tifoide, ambayo Tanzania wanaiita homa ya matumbo, inafaa tuizungumzie kwa uaminifu. Kwetu siku hizi kila homa isiyoisha inaitwa tifoide, na kila mtu anataka kipimo cha damu kile cha Widal. Kipimo hicho kinaweza kusema «ndiyo» kwa mtu asiye na tifoide sasa. Lakini tifoide ya kweli ipo, na ni mbaya. Homa inapanda siku kwa siku, kichwa kinauma, tumbo linasumbua. Na kama haikutibiwa, mara nyingi katika juma la tatu utumbo mwembamba unaweza kutoboka. Mgonjwa aliyekuwa na homa anapata maumivu ghafula, na tumbo linakuwa gumu kama ubao. Hakuna kinini kinachoziba tundu hilo. Ni upasuaji, na ni siku ile ile.

Gastriti nayo imekuwa jina la kila kitu. Zamani tuliwaambia wagonjwa wa vidonda vya tumbo kwamba sababu ni pilipili na mawazo mengi. Tulikosea, au tuseme tulijua nusu. Mwaka 1982, huko Perth katika Australia, waganga wawili, Robin Warren na Barry Marshall, walionyesha kijidudu kinachoishi ndani ya mfuko wa tumbo, katikati ya maji yale makali. Kinaitwa Helicobacter pylori. Marshall alikinywa mwenyewe kusudi watu wamwamini, akaugua. Mwaka 2005 wote wawili walipewa zawadi ya Nobel. Kwa hiyo vidonda vingi vinapona kwa dawa za kuua kijidudu zinazokunywewa pamoja na dawa ya kupunguza ukali wa mfuko, kwa siku 14 mara nyingi, bila kuruka siku. Sababu ya pili ni vinini vya maumivu: aspirini, ibuprofeni, diklofenaki. Mtu anaumwa mgongo kwa kazi ya shamba, ananunua vinini sokoni, anameza kila siku bila kula. Mwezi ukiisha anakuja na tumbo. Tukimwuliza dawa gani amekunywa, anajibu: «Hapana dawa.» Kwake vile ni vinini tu.

MAJI YA UTUMBO

Sasa tuje kwa adui wetu mkubwa, sisi watu wa ziwa. Ili umwelewe, jua kwanza hesabu hii. Kila siku katika utumbo wa mtu mzima zinapita lita 8 au 9 za maji. Lita kama 2 tu umezikunywa na kuzila. Nyingine mwili wenyewe unazitoa: mate, maji makali ya mfuko, nyongo, maji ya kongosho. Halafu utumbo unayarudisha karibu yote katika damu. Yanayotoka katika choo hayajazi kikombe. Ni kazi ya ajabu, na inafanywa wewe ukiwa umelala.

Kijidudu cha kolera hakitafuni utumbo. Kinatoa sumu inayofungua milango ya utumbo mwembamba, maji ya mwili yanamwagika humo, na utumbo unashindwa kuyarudisha. Ndiyo sababu choo kinatoka kama maji ya kuosha mchele, bila maumivu makubwa, pengine bila homa. Watu wanadanganyika: «Hana homa, haliii, si kitu.» Lakini mgonjwa wa kolera kali anaweza kupoteza lita moja kwa saa. Asubuhi alikuwa sokoni, jioni macho yameingia ndani, sauti imepotea, vidole vimekunjamana kama vya mfua nguo, miguu inakazana. Ukimfinya ngozi ya tumbo, inabaki imesimama kama kitambaa. Bila matibabu, kolera kali inaua nusu ya wanaoipata. Kwa matibabu mazuri, hafi hata mmoja katika mia.

Kolera ya wakati wetu ilianza mwaka 1961 katika kisiwa cha Sulawesi, Indonesia. Ilifika mwambao wetu wa Tanganyika mwaka 1978, na tangu hapo haijaondoka kabisa. Uvira, Nundu, Fizi, Kalemie: ni majina ambayo wachunguzi wa kolera wanayajua vizuri kuliko tunavyopenda. Maji ya ziwa ni mazuri kwa macho, hata ya Mutambala, lakini pale tunapooga, tunapofua na tunapoendea haja, ndipo tunachota ya kunywa. Chemsha, au tia klori. Na musalani uwe mbali na maji. Haya umeyasikia mara nyingi, hatutaki kukuchosha.

Jambo tunalotaka ushike ni hili: dawa ya kwanza ya kuhara ni maji ya chumvi na sukari. Pakiti moja ya unga wa kuhara katika lita moja ya maji safi. Kama huna pakiti: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, pia kilichosawazishwa. Usizidishe chumvi. Kwa nini sukari? Kwa sababu sumu ya kolera inafungua mlango wa kutokea, lakini haifungi mlango mwingine ambamo chumvi na sukari zinaingia pamoja zikivuta maji nyuma yao. Maji matupu hayaingii vizuri kama hayo. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, anza tena polepole. Mtoto aendelee kunyonya. Mtoto anayehara apewe pia zinki kwa siku 10 mpaka 14, atakayoipata kituo cha afya. Na usimpe dawa ya kuharisha eti «kusafisha tumbo». Tumbo linalomwagika halihitaji kufuliwa.

RANGI

Tunajua ni haya kuzungumza choo. Lakini muganga haoni haya, na choo ni barua inayotoka ndani. Angalia kabla hujamwaga.

Damu nyekundu juu ya choo kigumu, na maumivu wakati wa kwenda: mara nyingi ni bawasiri au mpasuko karibu na njia ya nyuma. Damu iliyochanganyika na kamasi, mtu anaenda mara nyingi na kutoa kidogo kidogo huku tumbo likimsokota: hiyo ni kuhara damu. Kwetu wote wanasema «ni amiba», lakini vijidudu vingine, hasa shigela, vinafanya hivyo hivyo, tena kwa watoto ndivyo vinavyotisha zaidi. Dawa ya amiba haiwatibu. Damu katika choo inayokuja na kuondoka kwa miezi, kwa mtu anayeshinda majini, inaweza kuwa kichocho cha utumbo, kinachotokana na konokono wa maji. Usidhani kichocho ni cha mkojo tu.

Choo cheusi, kinachonata kama lami na kunuka vibaya: hiyo ni damu iliyotoka juu, katika mfuko wa tumbo, ikapikwa njiani. Watu wengi hawajui kwamba damu inaweza kuwa nyeusi, wanakaa nyumbani mpaka wanaanguka kwa kizunguzungu. Lakini, mama mwenye mimba, vinini vya kuongeza damu tunavyokupa vinageuza choo kuwa cheusi pia. Usiogope, wala usiviache. Sema tu kwamba unavikunywa.

Choo cheupe kama udongo wa kupaka nyumba, mkojo kama chai kali na macho ya manjano: nyongo haifiki katika utumbo, maana nyongo ndiyo inayopaka choo rangi yake. Shida iko katika ini au katika mrija wa nyongo. Kwetu mtu akitapika maji ya manjano asubuhi anasema «niko na nyongo», na mara nyingi ni malaria tu juu ya tumbo tupu. Hiyo si sawa na macho ya manjano. Na mtoto mchanga anayetapika kijani kibichi, huyo usimngojee hata jua lichwe: huenda utumbo wake umejisokota au umezibwa. Vivyo hivyo mtoto mdogo anayelia kwa vipindi, anakunja miguu, halafu anatoa damu yenye kamasi kama jeli. Utumbo wake umejiingiza ndani yake wenyewe kama mkono wa shati.

MAMBO YA KUSEMA

Ukifika hapa, usianze na jina la ugonjwa ambalo jirani amekupa. Weka kidole kimoja mahali panapouma zaidi. Kidole kimoja, si mkono wote. Sema ilianza lini, na kama ilihama. Sema ni nini kimetoka, juu na chini, na rangi yake. Na kama hakitoki kitu, hata hewa, sema hivyo kwanza kabla ya yote. Mama, sema siku ya damu yako ya mwezi uliopita, hata kama mama mkwe amesimama karibu. Mwanamke aliyekosa siku zake, anayeumwa sana chini ya tumbo na kuona kizunguzungu, anaweza kuwa na mimba iliyokaa nje ya tumbo la uzazi na kupasuka. Anavuja damu ndani, nasi hatuioni.

Kisha sema dawa zote: vinini vya sokoni, majani, dawa ya nyuma, ya mzee wa kijiji. Hakuna mtu hapa wa kukugombeza. Na kama yuko, mwambie umesoma katika karatasi hii kwamba hapaswi. Sisi pia inafaa tujirekebishe. Pengine ni sisi tunaoandika «maumivu ya tumbo» kwenye fishi na kumpa mtu dawa ya minyoo bila kumlaza na kumpapasa. Ukiona hivyo, sema kwa heshima: «Muganga, unishike tumbo kwanza.»

Na ninyi wa rasi, wa Kazimia na wa vijiji vya mbali, mnaongoja boti: mgonjwa wa kuhara anywe maji ya chumvi na sukari njiani, ndani ya boti, tangu gati mpaka gati, hata akitapika. Mwekeeni lita mbili zilizokwisha kuchanganywa. Lakini yule ambaye tumbo lake limevimba, limekuwa gumu, na hatoi choo wala hewa, huyo msimpe chakula wala dawa ya kumeza. Mlowesheni midomo tu, mwacheni alale namna inayompa nafuu, na mtu mmoja atangulie kwa pikipiki kuleta habari, kusudi chumba cha upasuaji kiwe tayari mnapofika.